Mwalimu Ohm na Waya wa Nega wa Mjomba

Kila aliyepita darasa la fizikia, hata la kidato cha pili, analijua jina la Ohm. Tunalijua kama pembetatu: V juu, I na R chini, ziba kwa kidole kile unachotafuta, andika jibu, chukua maksi zako mbili. Nimefaulu mitihani yote kwa pembetatu hiyo, na sasa niko mwaka wa tatu wa shahada ya ualimu, fizikia na hisabati, tayari kwenda kuwafundisha wengine kuziba kwa kidole. Kwamba nyuma ya pembetatu kulikuwa na mtu, tena mwalimu wa sekondari mwenye mshahara mdogo kama tutakavyokuwa wengi wetu, sikuwahi kuambiwa, na kusema kweli sikuwahi kuuliza. Nimekuja kumjua kwa aibu, kupitia gari la mjomba wangu.

Mjomba anaishi Lushoto na riziki yake ni gari moja la Kijapani la mwaka 1998, lenye turbo, analopandishia abiria na mizigo midogo kutoka Mombo. Anayeijua barabara ile anazijua kona zake. Gari linapanda kwa gia ndogo, turbo inapuliza muda wote, na ukifika juu ukafungua boneti unapokelewa na joto kama la tanuri la mikate. Turbo huzungushwa na moshi wa injini yenyewe, kwa hiyo chuma chake hufika nyuzi joto mamia kadhaa, na kila waya unaopita jirani nacho huokwa kidogo kidogo mwaka hadi mwaka. Gari la Mjomba limeokwa kwa zaidi ya miaka 25.

Tatizo lake lilikuwa hili: likifika limechemka, ukalizima, haliwaki tena. Stata inaguna mara moja, taa za dashibodi zinafifia, basi. Ukisubiri saa nzima linawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Na likiwa njiani, taa ya injini huwaka na kuzimika inavyojisikia. Abiria wa kurudi Mombo hawasubiri saa nzima, kwa hiyo Mjomba alikuwa anashuka mtupu, na siku nyingine hashuki kabisa.

Likizo ya Desemba nikaenda na multimita niliyoinunua kwa bumu. Mjomba huniita Mwalimu tangu nipate chuo, mara kwa heshima, mara kwa utani, na sijaweza kutofautisha. Alikaa pembeni akiniangalia. Nikapima betri: volti 12.6, nzima. Nikachomoa sensa ya joto la maji: injini ikiwa baridi nikapata kama ohm 2,500, ikiwa moto kama 300, na kwa magari mengi ya Kijapani ya umri ule ndivyo inavyotakiwa. Kisha nikageukia waya mnene wa nega, ule unaotoka betri kwenda kwenye injini. Nikagusa ncha hii na ncha ile. Ikasoma 0.3, na hiyo 0.3 ni ukinzani wa nyaya za multimita zenyewe ukizigusanisha. Maana yake sifuri. Nikamwambia Mjomba, kwa sauti ya msomi, kwamba waya ni mzima na ugonjwa uko kwenye stata. Akakopa kwenye kikoba, akanunua stata ya mtumba kwa shilingi 180,000. Tukaifunga Jumamosi. Jumapili gari likapanda kutoka Mombo, likazimwa, likagoma vilevile.

Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angenigombeza.

Nikarudi chuo na fedheha yangu. Muhula ule tulikuwa na kozi ya mbinu za kufundisha, na kazi ilikuwa kuchagua mwanasayansi mmoja na kuonyesha jinsi maisha yake yanavyoweza kuingizwa kwenye somo. Watu wakamkimbilia Newton, wakamkimbilia Einstein. Mimi nikamchukua Ohm, kwa hasira kidogo, kama mtu anayemwendea aliyemdanganya.

Georg Simon Ohm alizaliwa tarehe 16 Machi 1789 katika mji wa Erlangen, kusini mwa Ujerumani ya leo. Baba yake alikuwa fundi makufuli. Hakuwa na elimu ya shule ya kueleweka, lakini alijisomea mwenyewe mpaka akaweza kuwafundisha wanawe hisabati na sayansi kwa kiwango kilichowashangaza hata maprofesa wa mji ule. Mama alifariki Georg akiwa na miaka kumi. Kati ya watoto saba waliozaliwa, watatu tu ndio walioukaribia utu uzima na kuufikia: Georg, dada yake, na mdogo wake Martin, ambaye baadaye naye alikuwa mwanahisabati anayejulikana.

Hiyo karakana ya makufuli msiipite haraka. Baada ya miaka thelathini, Ohm alipohitaji vyombo ambavyo havikuuzwa dukani popote, alivitengeneza kwa mikono yake, na mikono hiyo ilikuwa imefundishwa na baba. Nimewahi kumsikia mtu hapa chuoni akisema fundi ni fundi na msomi ni msomi. Nadhani hajui jina lililo kwenye multimita limetoka nyumba ya nani.

Mwaka 1805, akiwa na miaka 16, Ohm akaingia Chuo Kikuu cha Erlangen. Hapa wenzangu wa hosteli mtamtambua mara moja. Kijana alikolea dansi, akakolea kuteleza kwenye barafu, akakolea biliadi. Vitabu vikangoja. Baba, aliyejinyima ili mwanawe apate kile yeye alichokosa, akavumilia mihula mitatu kisha akamtoa. Kwa lugha ya hapa kwetu, Ohm hakudisko. Alidiskishwa na baba yake. Akapelekwa Uswisi mwaka 1806, kufundisha hisabati katika shule moja huko Gottstadt, karibu na Nidau. Alikuwa na miaka 17. Ndivyo alivyoingia kwenye ualimu: kama adhabu.

Baadaye akawa mwalimu wa nyumbani huko Neuchâtel, na usiku akajisomea vitabu vigumu vya Euler na Laplace bila mhadhiri wala kundi la majadiliano. Mwaka 1811 akarudi Erlangen na mwezi Oktoba mwaka huohuo akapewa udaktari wa falsafa. Akafundisha pale chuoni mihula mitatu, akaona mshahara haulishi na ngazi ya kupanda haionekani, akaacha. Mwaka 1813 akapata kazi katika shule ya Bamberg, shule isiyo na sifa, ambayo ilifungwa mwaka 1816; akahamishiwa shule nyingine mjini humohumo iliyojaa wanafunzi, akasaidie hisabati. Hakuwa na furaha. Katika kipindi hicho aliandika kitabu kidogo cha jiometri akieleza namna alivyoona somo hilo lifundishwe ili mwanafunzi afikiri badala ya kukariri. Mwaka 1817 akapata nafasi Cologne, katika shule ya sekondari iliyokuwa ya Wajesuti.

Cologne ndiko mambo yalikoanza. Shule ile ilikuwa na maabara nzuri ya fizikia, na mwaka 1820 ilienea habari kwamba Ørsted wa Denmark ameona sindano ya dira ikigeuka karibu na waya unaopitisha umeme. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na njia ya kuupima mkondo wa umeme bila kuugusa. Ohm akaanza kujaribu baada ya vipindi. Fikiria hali ilivyokuwa: hakuna volti, hakuna ampea, hakuna multimita ya elfu thelathini pale Kariakoo. Alikuwa anapima kitu ambacho hata jina la kipimo chake halipo, na jina lenyewe, bila yeye kujua, lingekuja kuwa la kwake.

Mwaka 1825 akachapisha matokeo ya kwanza. Yalikuwa na makosa.

Nilipofika hapo niliacha kusoma nikatoka nje kupunga upepo. Ohm alikosea Sheria ya Ohm! Kanuni aliyoitoa mara ya kwanza haikuwa hii tunayoijua, na sababu ilikuwa betri yake. Betri za wakati ule zilichoka haraka. Ukipima waya wa kwanza ina nguvu, ukifika wa tano imeshalegea, na wewe unadhani waya ndio uliolegeza. Kipimo kilikuwa kinapima kitu kingine. Poggendorff, mhariri wa jarida la fizikia alikokuwa akichapisha, akamshauri aachane na betri ile atumie njia aliyoigundua Seebeck miaka michache nyuma: unaunganisha metali mbili, kiungo kimoja unakipasha moto, kingine unakipoza, na umeme unatiririka. Ohm akatumia bismuthi na shaba. Kiungo kimoja akakiweka kwenye maji yanayochemka, kingine kwenye barafu. Maadamu maji yanachemka na barafu haijaisha, msukumo haubadiliki. Nafuu iliyoje! Chanzo cha umeme kisichochoka, kilichotengenezwa kwa vitu vya jikoni.

Januari 1826 akaandaa vipande 8 vya waya wa shaba vyenye unene mmoja, kifupi kuliko vyote inchi 2, kirefu kuliko vyote inchi 130. Akaning'iniza sindano ya sumaku kwenye utepe mwembamba, akawa anausokota utepe juu mpaka sindano irudi mahali pake, na kiasi cha kusokota ndicho kilichomwambia nguvu ya mkondo. Akaingiza waya mmoja baada ya mwingine. Akarudia siku nyingine. Akabadilisha joto, akarudia tena.

Alichokipata si pembetatu. Alipata kwamba ili kuujua mkondo unachukua nguvu ya msukumo, unaigawa kwa jumla ya vitu viwili: urefu wa waya unaoupima, na namba nyingine ambayo haibadiliki hata ukibadilisha waya. Namba hiyo aliipa herufi b. Ilikuwa ni ukinzani wa kila kitu kingine kilichokuwa kwenye mzunguko: bismuthi yenyewe, viungo, mahali waya unapogusana na waya. Mtu mvivu angeitupa b kama kero. Ohm aliiacha palepale ndani ya kanuni, kwa sababu mkondo haujali umekusudia kupima waya gani. Unapita kote, na unalipa ushuru kote.

Nilikuwa maktaba, saa tatu usiku kasoro, mlinzi ameanza kuzima feni, na nikaona waya wa nega wa Mjomba mbele ya macho yangu.

Multimita ikiwa kwenye ohm hutuma mkondo wake mdogo, kama elfu moja ya ampea. Waya mnene wenye nyuzi mia za shaba ukikatika zote zikabaki tatu, mkondo huo mdogo utapita kwenye zile tatu bila shida na kioo kitaandika sifuri. Ni kama kupima daraja kwa kumpitisha sisimizi. Lakini stata ya gari haiombi elfu moja ya ampea. Inaomba kama ampea 150. Sasa fanyeni hesabu nami: tuseme waya umebaki na ukinzani wa ohm 0.015 tu. Multimita ya bei rahisi haiwezi hata kuiona. Zidisha kwa 150. Unapata volti 2.25. Betri ina 12, na volti mbili na kitu zinapotelea kwenye waya niliyosema ni mzima, kabla stata haijapata chake. Na shaba ikichemka ukinzani wake huongezeka, kiasi cha asilimia 40 kwa kila nyuzi joto mia. Ongeza kutu kwenye kiungo. Ndiyo maana gari liligoma likiwa moto likakubali likiwa baridi. Nilikuwa nimemkopesha Mjomba deni la 180,000 kwa kusahau b.

Ohm mwenyewe naye alikuwa anaingia kwenye hasara yake. Mwaka 1826 aliomba likizo ya mwaka mmoja kutoka shuleni, akapewa kwa nusu mshahara, akaenda Berlin alikokuwa mdogo wake Martin. Mwaka 1827 kitabu chake kikatoka, kikiuchambua mzunguko wa umeme kwa hisabati kuanzia mwanzo hadi mwisho. Alitegemea kitabu hicho kimpandishe kutoka sekondari hadi chuo kikuu. Hakikumpandisha. Wengi wa wanafizikia wa Ujerumani hawakuzoea hisabati nzito kiasi kile katika somo la umeme, na wengine waliamini maumbile hujulikana kwa kuyatafakari, si kwa kuyatia kwenye milinganyo. Mmoja wao, Pohl, aliandika uhakiki mkali. Ohm alikuwa mtu wa moyo mwepesi kuumia. Mwaka 1828 akajiuzulu kazi ya Cologne.

Hapo alikuwa na miaka 39. Hana ajira ya maana, hana mke (hakuoa maisha yake yote), ana sheria ya maumbile mkononi na hakuna anayeitaka. Kwa miaka kadhaa aliishi Berlin kwa kufundisha saa chache za hisabati kwa wiki katika shule ya kijeshi. Sisi tunaojua kaka na dada zetu waliomaliza ualimu na bado wanafundisha tuisheni barazani wakisubiri majina kutoka, kipande hiki cha maisha ya Ohm hatuhitaji kuelezwa. Nimekisoma mara nyingi kuliko kipande kingine chochote. Sipendi wanaoandika kwamba alivumilia kwa sababu alijua atashinda. Hakujua. Mwaka 1833 akapata kazi katika shule ya ufundi ya Nuremberg, akaichukua.

Waliomfufua walitoka nje. Mwaka 1841 Royal Society ya London ikampa Nishani ya Copley, heshima yake kubwa, na mwaka uliofuata ikamfanya mwanachama wa kigeni. Huko Uingereza Wheatstone alikuwa anahangaika na simu za maandishi, na mtu anayesukuma umeme kwenye waya wa maili nyingi hana anasa ya kubishana kama ukinzani upo. Bili inamjia. Cha kuchekesha ni kwamba Mwingereza mwingine, Henry Cavendish, alikuwa ameshaukaribia ukweli huohuo zaidi ya miaka arobaini kabla ya Ohm, kwa kujipiga shoti mwilini na kukisia ukali wake. Hakuchapisha. Karatasi zake zilitolewa hadharani na Maxwell mwaka 1879. Kwa hiyo ukiwa na jambo, liandike.

Ohm aliendelea kufundisha. Mwaka 1843 aliandika kuhusu sauti, jinsi sikio linavyoichambua sauti yenye mchanganyiko ikawa sauti rahisi kadhaa. Mwaka 1849 akaitwa Munich kusimamia vyombo vya fizikia vya Akademia ya Bavaria na kutoa mihadhara. Uprofesa kamili wa fizikia katika chuo kikuu, kile alichokitaka tangu ujana, aliupata mwaka 1852 akiwa na miaka 63. Aliutumikia miaka miwili. Alifariki Munich tarehe 6 Julai 1854. Miaka 27 baadaye, mwaka 1881, wataalamu wa umeme kutoka nchi mbalimbali walikutana Paris na kukubaliana majina ya vipimo, na kipimo cha ukinzani kikaitwa ohm.

Pasaka nilipanda tena Lushoto. Sikumwambia Mjomba kwamba nimeelewa, kwa sababu Desemba pia nilimwambia nimeelewa. Nilimwomba tu ashuke Mombo na kurudi bila kuzima. Aliporudi, boneti inafuka joto, nikaweka multimita kwenye volti badala ya ohm. Ncha moja kwenye nondo ya nega ya betri yenyewe, si kwenye kibano chake. Ncha nyingine kwenye chuma kitupu cha injini. Nikamwomba azime, kisha awashe. Hivyo ndivyo unavyopima waya ukiwa kazini, umebeba mzigo wake halisi. Fundi wazuri wa umeme wa magari hufanya hivi bila kumtaja Ohm: ukisoma zaidi ya nusu volti wakati stata inavuta, umeme unapotea njiani. Stata ikaguna. Kioo kikasoma 2.3.

Tukaufungua waya. Nje gamba lake lilikuwa zima, gumu tu kama mkaa upande uliopita karibu na turbo. Nikalichana kwa kisu. Ndani palikuwa na unga wa kijani na nyuzi zilizokatika. Zilizobaki zimeshika sikuhesabu vizuri, labda tano. Waya mpya mnene na vichwa vyake tulivipata kwa 22,000. Tukauzungusha upande wa pili, mbali na turbo, tukasugua chuma mahali bolti inapokaa mpaka kikang'aa. Akashuka Mombo, akapanda, akazima, akawasha. Kioo kilisoma 0.2 na gari likawaka. Taa ya injini nayo imetulia, maana sensa zote zinategemea chuma kilekile cha injini kuwa ndiyo sifuri yao, na sifuri yao ilikuwa inapanda na kushuka.

Mjomba alisema asante Mwalimu, na safari hii nilijua ilikuwa ipi.

Stata ya mtumba iko uvunguni kwangu hosteli, Mjomba akaamua kurudisha ile ya zamani kwa kuwa haikuwa na kosa. Nimeitangaza kwenye magrupu mawili, hakuna aliyetaka zaidi ya 90,000. Waya ulioungua nimeuweka kwenye mkoba wa mafunzo kwa vitendo. Julai naenda shule ya kata mkoani Singida, kidato cha pili, mikondo miwili, na ratiba inaonyesha mada ya kwanza ni umeme. Deni la kikoba limebaki 110,000. Bumu likitoka napunguza.